Katiba Haikatazi Washington Kuwa Jimbo

Hili la "Katiba inakataza" Washington, mji mkuu wa Marekani, kuwa jimbo naomba tulimalize leo. Ibara ya 1 inalipa Bunge la Marekani mamlaka kamili juu ya wilaya ya makao makuu "isiyozidi" maili kumi kila upande. Isiyozidi! Hapo pametajwa ukomo wa juu; wa chini haupo popote. Ndiyo maana mwaka 1846 Bunge liliruhusu upande wa Alexandria wa wilaya hiyo urudi jimbo la Virginia, na hakuna aliyegusa Katiba.

Mswada namba 51, wa kuifanya Washington jimbo, unafuata njia hiyohiyo. Makao makuu hayageuzwi jimbo, yanapunguzwa: Ikulu, jengo la Bunge, Mahakama ya Juu na viwanja vya wazi vya Mall katikati ya mji vinabaki wilaya ya shirikisho; mitaa wanakolala watu ndiyo inayokuwa jimbo. Kupokea jimbo jipya ni sheria ya kawaida, wingi wa kura katika mabaraza yote mawili na saini ya rais. Baraza la Wawakilishi liliupitisha 2020, likaupitisha tena 2021 kwa kura 216 dhidi ya 208. Ulikwama Seneti. Hiyo ni siasa.

"Mbona wakazi wa Washington wanapiga kura?" Ya urais, ndiyo, tangu 1964. Bungeni wana mwakilishi mmoja anayepiga kura kwenye kamati, lakini sheria inapopitishwa ukumbini kura yake haimo. Seneti hawana mtu. Ni watu 689,545 kwa sensa ya 2020, na kodi ya shirikisho wanalipa. Wyoming, yenye 576,851, ina maseneta wawili.

Jimbo la Maryland, ardhi hiyo ilikotoka, kuombwa ridhaa? Iliikabidhi ardhi hiyo moja kwa moja mwaka 1791. Tuendelee.

Penye mwiba ni Marekebisho ya 23 ya Katiba, na wapinzani wengi wala hawapagusi. Yanaipa wilaya yenyewe, si wakazi wake, wajumbe watatu wa kumchagua rais. Wilaya ikibaki kiraka cha ofisi, wajumbe wale bado wapo, na karibu mkazi pekee ni familia iliyomo Ikulu. Kuyafuta Marekebisho hayo kunahitaji ridhaa ya majimbo 38. Hadi hapo, mswada unafuta sheria inayoeleza wajumbe hao wanavyopatikana, kwa kuwa Marekebisho yanasema wateuliwe kwa namna Bunge litakavyoelekeza. Sawa, ila yanasema pia wilaya "itateua". Bunge linaweza kukaa kimya makusudi mbele ya neno hilo? Mswada nauunga mkono, lakini hapo sina jibu lisilovuja.