Kwa nini nyundo hulegea mpini kiangazi?

Je, wajua kwamba kuloweka nyundo kwenye ndoo ili mpini ukaze ndiko kunakozidi kuulegeza?

Dodoma mvua hunyesha Desemba hadi Aprili hivi. Miezi inayobaki ni jua na upepo mkavu. Mti hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na ukikauka hunywea kwa upana, si kwa urefu. Ukiuloweka, unavimba ndani ya tundu la chuma lisilopanuka, nyuzi zinabanwa hadi zinapondeka. Jioni kichwa kimekaza kweli. Baada ya wiki ya jua, mpini umekuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya ndoo.

Kinachoshika kichwa ni umbo la tundu na kabari. Chungulia tundu la nyundo nzuri ya zamani: katikati ni jembamba, juu na chini limepanuka. Kabari huutanua mti pale juu, kichwa kikashindwa kupanda wala kushuka. Kule Marekani, katika miaka ya 1840, David Maydole wa Norwich, New York, alilirefusha tundu likaufuata mpini kwa chini, ili mti ushikwe sehemu kubwa zaidi. Ndiyo maana kichwa cha zamani chenye kutu hakifai kutupwa.

Mpini uliooza ukate chini ya kichwa, toboa kipande kilichobaki kwa drili, kisha kisukume kitokee juu. Tafadhali usikichome moto! Uso wa nyundo ulipewa ugumu kiwandani kwa joto la kipimo. Ukiutia kwenye mkaa unalainika, na misumari itaubonyeza.

Kwa mpini mpya, mkole unafaa: mgumu, na unavumilia mshtuko. Uwe umekauka kivulini miezi mingi, kwa sababu mti mbichi utanywea tu baada ya kufungwa. Nyuzi zifuate urefu wa mpini. Zikikatiza mshazari, utavunjika hapohapo.

Pasua ncha kwa msumeno, kina cha theluthi mbili za tundu. Chonga kidogo kidogo kwa tupa. Ukishaingia, geuza nyundo kichwa kikining'inia chini, upige kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao: kichwa chenyewe kitapanda kwa uzito wake. Palipong'aa mti ukikitoa, ndipo pa kuchonga tena. Acha milimita 3 hadi 5 zitokeze juu, kisha pigilia kabari ya mti mkavu mpaka mlio wa bubu ugeuke kuwa mkali. Hapo imefika, ukiendelea utaipasua.

Malizia kwa msasa na mafuta ya kitani, hasa kwenye ncha ya juu, maana huko ndiko unyevu unakopita haraka, kisha panguza yanayobaki baada ya dakika 20. Matambaa yenye mafuta hayo yatandaze nje yakauke. Yakirundikwa hupata joto yenyewe, na huweza kuwaka.