Uagizaji sambamba ni nini?

Uagizaji sambamba ni kununua bidhaa halisi katika nchi inakouzwa kwa bei nafuu, kisha kuiingiza katika nchi nyingine bila idhini ya mwenye hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), hakimiliki au alama ya biashara. Usiuchanganye na biashara ya bidhaa bandia: hapa mzigo ni halali, na mwenye haki alishapata chake ulipouzwa mara ya kwanza. Kinachogombaniwa ni kama mauzo hayo yalimaliza haki yake, au bado anaweza kuuzuia mpakani.

Bei hutofautiana kwa sababu asiye na mshindani hupanga bei kwa kuangalia mfuko wa mnunuzi. Mradi huo hudumu masoko yakitenganishwa. Anayevusha bidhaa kutoka soko la bei ya chini huutibua.

Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu haki hizo na ulioanza kutumika 1995, uliacha kila nchi ijiamulie. Umoja wa Ulaya unaruhusu bidhaa iliyouzwa kwanza ndani ya eneo lake izunguke humo, si iliyouzwa nje. Marekani, mwaka 2013, Mahakama ya Juu ilimpa ushindi Supap Kirtsaeng, mwanafunzi aliyekuwa akiwauzia Wamarekani vitabu vya kiada ambavyo ndugu zake walivinunua Thailand kwa bei ndogo.

Kwenye dawa, jambo hili ni la uhai. Afrika Kusini ilipitisha sheria mwaka 1997 iliyofungua njia ya kuagiza dawa kwa utaratibu huu, wakati UKIMWI ukiangamiza watu. Kampuni za dawa ziliishtaki serikali. Aprili 2001, zikiwa 39, zikaondoa kesi baada ya kulaaniwa kila kona. Novemba mwaka huohuo, Azimio la Doha la nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani likathibitisha uhuru wa nchi kuchagua.

Hata hivyo, mlango ukiwa wazi pande zote, maskini anaweza kuumia. Kampuni ikihofia dawa iliyouza kwa bei ya chini itarudi kwenye soko la matajiri, itapandisha bei kote au itaacha kabisa kuuza kwa wanyonge. Kwa hiyo naona ni haki nchi maskini iruhusu kuagiza dawa kutoka popote penye nafuu, na nchi tajiri izuie dawa za bei ya maskini zisiingie kwake.