Eti kuogesha mgonjwa hakuhitaji chuo

Nimeulizwa tena lile swali, safari hii na mzazi: hivi mwanangu nimemlipia ada asome afya na ustawi wa jamii ili aende fildi kuogesha wazee? Si angebaki nyumbani amwogeshe bibi yake? Mzazi namwelewa, hajakaa darasani. Wanaoniudhi ni wanafunzi wenyewe, maana nao wanaamini hivyohivyo, wanakuja mafunzo kwa vitendo wakiwaza sindano na dripu, ukiwapa beseni na taulo nyuso zinashuka. Halafu kuna wale wa upande wa pili, wanaosema mimi kazi hii naiweza kwa sababu nina moyo wa huruma. Hao ndio wananipa kazi zaidi, nitafika huko.

Sindano nimalize haraka: wewe uko kozi ya utunzaji, hujasomea na hujaruhusiwa, basi. Kunawa mikono nako sirudii sana, zile nyakati 5 za Shirika la Afya Duniani mnazikariri vizuri kwa ajili ya mtihani ila ya tano, baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka mgonjwa, hakuna anayeikumbuka wodini. Umegusa kitanda, umegusa meza yake, hujamgusa yeye, bado unanawa. Na glovu hazifuti kunawa, ukivua unanawa.

Sasa beseni. Wakati wa kuogesha mara nyingi ndio wakati pekee kwa siku nzima ambapo kuna mtu anauona mwili wote wa mgonjwa. Daktari anaona anapoonyeshwa, ndugu wanaona uso na mikono, wewe unaona mgongo, makalio, visigino, nyonga, katikati ya vidole vya miguu, chini ya matiti, na nyuma ya masikio kama anatumia mpira wa oksijeni. Kidonda cha mgandamizo, kile kinachotokea mtu akilalia sehemu moja muda mrefu, huwa kinatoa taarifa kabla ngozi haijapasuka, na wewe ndiye uliyepo pale kinapotoa taarifa. Kama ulikuwa unasugua tu umalize uende kwa mgonjwa anayefuata, kimekupita.

Hapa nina ugomvi na vitabu. Vingi vinakwambia tafuta wekundu, bonyeza kwa kidole, kama haugeuki mweupe ujue kuna tatizo. Sawa, kwa ngozi nyeupe. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi huo wekundu unaweza usiuone kabisa, na huko kugeuka mweupe pia usikuone, mwanafunzi anaandika "ngozi iko sawa" kwa nia njema kabisa na kumbe tayari kuna madhara. Kwa ngozi nyeusi linganisha na sehemu ya jirani: pamekuwa peusi zaidi, pana rangi kama ya zambarau? Halafu tumia mkono: pana joto au ubaridi kuliko pembeni, pamekakamaa au pamekuwa laini kama tunda lililoiva sana? Muulize kama panauma. Na ukipaona, tafadhali usipasugue eti damu itembee, hayo ni mafundisho ya zamani, ukisugua unaumiza zaidi kilichoko chini. Mtoe uzito pale na uripoti.

Haya, wenye huruma. Mwanafunzi anakutana na mzee aliyepata kiharusi, mkono mmoja haufanyi kazi, anachukua dakika nyingi kujifuta uso. Mwanafunzi anaona uchungu, ananyang'anya kitambaa, anamfuta yeye, anamvalisha, anamlisha, anamchana nywele, anatoka pale anajisikia vizuri sana na mzee ametulia kama mtoto. Kila mtu anamsifu. Mimi peke yangu nimenuna. Maana ule mkono mzima ulikuwa na kazi na umenyimwa, na mzee akifanyiwa hivyo wiki baada ya wiki anaacha kujaribu, viungo vinakaza, mwisho hata kile alichoingia nacho kinapotea halafu tunasema hali yake "imeshuka". Haijashuka yenyewe bana, tumesaidia! Mpe kitambaa, mwogeshe mgongo asioufikia, uso mwachie mwenyewe hata kama akimaliza sabuni imebaki sikioni. Kusimama pembeni mikono yako ikiwa haina kazi huku mtu anahangaika na kifungo ni kugumu kuliko kumfunga, na ndiyo maana tunakufundisha.

Kumvalisha nako kuna ufundi: kuvaa anza na upande dhaifu, kuvua anza na wenye nguvu, na usimvute kwa ule mkono dhaifu hata siku moja, bega linaweza kuachia. Ukikosea mpangilio utamwona anavyokunja uso, huhitaji mimi nikwambie.

Kuandika ripoti. "Mgonjwa amekula vizuri." Vizuri ndiyo nini? Andika nusu ya chakula, maji glasi moja, alikohoa mara mbili akimeza na sauti ikawa kama ina majimaji kooni. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa chakula kinaelekea njia ya hewa, na ukiizika chini ya neno "vizuri" shifti ya jioni wataendelea kumlisha vilevile. Sitaki pia "mgonjwa ni mkorofi", niambie alifanya nini. Mzee aliyekuwa anaongea vizuri jana na leo ghafla anachanganyikiwa, mwanafunzi anaandika ni uzee. Uzee hauji usiku mmoja, inaweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji, dawa mpya au hata choo kigumu, muite nesi sasa hivi, usisubiri kukabidhiana zamu.

Kuna mambo nafundisha na mwenyewe sina uhakika nayo. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2, kwa mfano. Ukweli ni kwamba muda unategemea mgonjwa mwenyewe, godoro, lishe na ngozi yake, na miongozo ya siku hizi inasema hivyo, lakini ninaendelea kusema saa 2 kwa sababu mwanafunzi mpya akiambiwa "inategemea" hatageuza mtu.

Lingine zito zaidi ni mgonjwa mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anayekataa kuoga. Kitabu kinasema heshimu ridhaa yake, ukurasa wa pili kinasema usimwache kwenye uchafu, kisha kinafunga mlango. Nawaambia ondoka, rudi baadaye kidogo, badilisha anayemsaidia, funika mwili acha wazi sehemu unayoosha tu, anza na miguu badala ya uso kama uso ndio unaomtisha, na kama ngozi yake haiko hatarini basi leo asioge, hakuna aliyekufa kwa kukosa kuoga siku moja. Lakini akiwa amelala kwenye kinyesi chake na anapiga kelele usimguse? Kila mara naona tumechagua ubaya mdogo, na sijawahi kutoka pale nikijisikia nimefanya sahihi.

Na hata sahihi zangu kwenye logibuku zenu, yale madaftari ya kurekodi mlichofanya fildi, nazitilia shaka, maana mtu akijua nimesimama nyuma yake anafunga pazia, anajitambulisha, anaomba ruhusa, kila kitu, nikigeuka sijui. Kwa hiyo siku hizi nawauliza wagonjwa na manesi wa usiku kabla sijasaini. Wale wa kuniletea logibuku zima siku ya mwisho, kalamu moja, wino mmoja, tarehe za miezi miwili, msihangaike kuja.