Kikundi chenu kinataka mashine kwa mkopo wa asilimia 10? Anzeni na profoma (hati ya bei kutoka kwa muuzaji)

Tangu mikopo hii ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ianze kutolewa tena katika mwaka wa fedha 2024/25, baada ya kusitishwa Aprili 2023 kufuatia dosari zilizoibuliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), vikundi vingi vinaomba fedha za vitendea kazi: cherehani, kompyuta na printa, mashine za kusaga na kukoboa. Ni jambo jema. Kinachosumbua ni malalamiko kwamba "halmashauri wanatuzungusha", ilhali tukilifungua faili hapa halmashauri kasoro inaonekana ukurasa wa kwanza.

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Lakini marejesho yapo, na tumelisema hili mpaka tumechoka: si fedha ya pole. Kikundi kilichokopa shilingi milioni 12 za kurejesha kwa miezi 12 kinadaiwa milioni 1 kila mwezi, mashine ikiunguruma au ikiwa imefunikwa turubai.

Sasa profoma. Karatasi iliyoandikwa "mashine ya kusaga, 1" haitusaidii kitu. Tunahitaji jina na namba ya mlipakodi (TIN) ya muuzaji, modeli, nguvu ya mota, muda wa waranti, na tarehe ya mwisho ya bei. Chukueni kwa wauzaji watatu. Maombi huanzia kata ndipo yafike halmashauri, kwa hiyo profoma ya siku 14 itakuwa imekwisha muda kabla mkataba haujasainiwa. Mwombeni muuzaji aongeze siku mapema.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni la umeme. Mota ya nguvu farasi 20 (hp 20) ni karibu kilowati 15, nayo huhitaji umeme wa njia tatu. Chumba mlichopanga kikiwa na njia moja, ule wa kawaida wa nyumbani, mashine haitawaka, na rejesho la kwanza litawakuta bado mnahangaikia nguzo. Pateni makadirio ya TANESCO kabla ya kuandika andiko la mradi, muyaingize humo pamoja na usafiri, fundi wa kufunga, zege la kuikalisha mashine, mikanda na chekeche za akiba. Bajeti yenye bei ya mashine peke yake ni nusu ya bajeti.

Jina la kikundi lifanane herufi kwa herufi kwenye cheti cha usajili, katiba na akaunti ya benki. "Kikundi cha Upendo" na "Kikundi cha Upendo Sokoni" kwetu ni vikundi viwili.

Siku ya kununua, daini risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) yenye jina la kikundi. Someni namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye kibati cha mota, iandikwe pia kwenye hati ya makabidhiano. Namba ya kibati na ya hati zisipolingana, msipokee mzigo.

Kuhusu adhabu: kughushi muhtasari wa kikao, saini au risiti ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura 16, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Anayeomba "asilimia ya kupitisha faili" na anayeitoa wote wanaguswa na kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007: faini ya shilingi 500,000 hadi 1,000,000, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote viwili. Toeni taarifa TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Marejesho yalipwe kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya Serikali. Fedha aliyokabidhiwa mtu mkononi, hata kama ni mwenyekiti wenu au afisa wetu, haihesabiki kuwa imelipwa mpaka ionekane kwenye mfumo.