Akalati: ndege wa kivulini katika msitu wa Arabuko-Sokoke

Ukitoka Malindi kwa matatu na kupita Gede kuelekea Kilifi, upande wako wa kulia kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu kilomita za mraba 420. Wengi tunaupita tukiwa tumesinzia. Humo ndani yumo ndege ambaye ningependa kila mtoto wa Malindi amjue kwa jina.

Akalati ni ndege wadogo wa misitu ya Afrika, wanaokula wadudu na kuishi karibu na ardhi. Huyu wetu ni akalati wa pwani, kwa jina la kisayansi *Sheppardia gunningi*. Ana urefu wa sentimita 12 hivi, mgongo wa kahawia, mabawa yenye kijivu cha buluu, na kifua chenye rangi ya embe bivu. Yupo pia Shimba Hills hapa Kenya, na katika nchi za Tanzania, Malawi na Msumbiji, hapa na pale.

Huitwa ndege wa tabaka la chini la msitu, na maana yake ni hii. Juu msituni kuna vilele vinavyopigwa na jua. Chini yake ni miche, vichaka, mizizi na zulia la majani makavu, mahali penye giza hata saa sita mchana. Akalati hutua kwenye kitawi kifupi, akatulia kimya, mara akashuka na kunyakua mdudu juu ya majani. Jamii yake hujulikana pia kwa kufuata siafu: siafu wanapopita, wadudu hutimka, naye anawasubiri.

Arabuko-Sokoke si msitu wa mvua, ni msitu mkavu wa pwani, ila kivuli kinafanya kazi ileile. Ndege wa namna hii hawapendi kuvuka uwanda wenye jua. Ndiyo maana kuhesabu miti mikubwa iliyobaki hakutoshi. Zikikatwa fito na boriti kila siku, msitu utaonekana umesimama ukiutazama kutoka barabarani, kumbe chini jua limeingia, majani yamekauka na kupeperuka, na wadudu wamepungua. Akalati hana pa kuhamia, kwa kuwa ng'ambo ni mashamba na nyumba.

Kumwona, nenda alfajiri na mwongoza wageni wa hapo Gede, usimame bila kusogea. Utamsikia kwanza: sauti nyembamba, tamu, ya haraka, ikitoka mahali pa chini kuliko ulivyodhani.