Moyo wa "asilimia 35": namba inayosomwa vibaya

Majibu ya eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, yakitoka, namba moja ndiyo hubebwa nyumbani. "Moyo wa baba unafanya kazi asilimia 35 tu," na kila anayesikia anapiga hesabu kichwani: basi 65 imekwisha kufa. Tangu siku hiyo baba haachiwi hata kufagia uwanja. Upande mwingine yuko mama ambaye karatasi yake inasema 60. Anaambiwa moyo ni mzima, lakini ngazi za ghorofa moja zinamsimamisha mara mbili akihema, na nyumbani wanaanza kusema siku hizi anadeka. Wote wawili wanaonewa kwa kosa lile lile la kusoma.

Maana kwanza, kwa ufupi. Moyo kushindwa kufanya kazi ni hali ambayo moyo hautoi damu ya kutosha mahitaji ya mwili, au unaitoa lakini kwa kupandisha mno shinikizo ndani ya vyumba vyake. Kutostahimili shughuli ni dalili yake kubwa: kuishiwa pumzi au nguvu kwa kazi ambayo mtu wa umri huo angeimaliza bila taabu, kama kupanda ngazi, kubeba ndoo, kutandika kitanda au kuoga.

Sasa neno lenyewe, maana ndilo linaloumizwa kila siku. Kushindwa si kufa, wala si kusimama. Ni kuzidiwa, na anayezidiwa huzidiwa na kitu. Aliyeshindwa gunia la kilo 100 huenda asubuhi hiyo hiyo aliinua la kilo 50. Ukisema "ameshindwa" ukaacha kutaja gunia, sentensi haijakamilika. Moyo nao ni hivyo hivyo. Wagonjwa wengi wakiwa wamekaa kitini hawana dalili yoyote, na ugonjwa hujionyesha pale mzigo unapoongezeka. Kwa hiyo Kiswahili kilichagua vizuri. Kilichoharibu ni ufupisho wa "moyo umeshindwa" au "moyo umefeli", unaofanya watu wachanganye mambo matatu: moyo kushindwa, ambako mtu anaweza kuishi nako miaka mingi kwa dawa, moyo kusimama, ambayo ni dharura ya dakika chache, na shambulio la moyo, yaani kuziba kwa mshipa unaolisha misuli ya moyo.

Liko na neno jirani, shinda, ambalo vijana wengi hawalitumii tena. Chombo shinda ni kile ambacho hakikujaa, kama debe shinda ambalo methali inasema haliachi kutika. Neno hilo linafaa sana hapa, kwa sababu moyo mzima, kila ukimaliza kujibana, hubaki shinda. Haujimwagi wote hata siku moja. Chumba cha chini cha kushoto kikijaa mililita 120, hutoa kama 70, na 50 hubaki ndani. Sabini kwa mia moja na ishirini ni asilimia 58, na hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwenye karatasi mbele ya herufi EF. Kwa kawaida huwa kati ya 55 na 70. Mia haipo. Mwenye 35 alinganishwe na mwenye 60, asilinganishwe na mia.

Hata kulinganisha huko hakutoshi, kwa kuwa asilimia haisemi kitu mpaka ujue ni asilimia ya nini. Chukua moyo uliopanuka hadi kujaa mililita 200. Asilimia 35 ya 200 ni mililita 70, sawasawa na moyo mzima wa mfano wetu. Chukua tena moyo uliokakamaa kuta kwa miaka mingi ya presha, ambao haupokei zaidi ya mililita 80. Asilimia 60 ya 80 ni 48. Mwenye 60 "nzuri" anatoa damu kidogo kwa kila pigo kuliko mwenye 35 "mbaya". Hii ni hesabu ya kurahisisha, lakini inaonyesha kwa nini madaktari hukuta wagonjwa wa asilimia ndogo wanaotembea vizuri, na wa asilimia kamili wasiofika kituo cha daladala. Namba ya EF inamsaidia daktari kuchagua dawa na kujua aina ya ugonjwa: 40 kushuka chini ni aina moja, 50 kupanda ni nyingine, na katikati kuna kundi lake. Kupima nguvu za mtu haikuwahi kuwa kazi yake. Na eko ya kawaida hupigwa mgonjwa akiwa amelala kitandani, yaani kabla gunia halijaletwa.

Gunia lenyewe ni zito kiasi gani? Mtu mzima aliyetulia moyo wake husukuma kama lita 5 kwa dakika. Akifanya kazi nzito, moyo wenye afya hupanda hadi lita 15 au 20 kwa kuongeza mapigo na kuongeza damu ya kila pigo. Mwanasayansi Mjerumani Adolf Fick alionyesha mwaka 1870 kwamba oksijeni inayotumiwa na mwili ni zao la vitu viwili: wingi wa damu inayosukumwa, na kiasi cha oksijeni ambacho viungo vinachota kutoka katika damu hiyo. Mgonjwa anaweza kukwama upande wowote, au pande zote mbili.

Moyo uliopanuka hukwama kwa sababu misuli yake haina tena nguvu ya kujibana zaidi; umebaki na njia moja tu, kuongeza mapigo. Uliokakamaa hukwama kwenye kupokea. Damu inarudi kwa kasi kutoka miguuni, chumba hakitanuki, shinikizo linapanda na kurudi nyuma hadi kwenye mapafu. Shinikizo hilo mtu akiwa ametulia lapaswa kuwa chini ya milimita 12 hivi za zebaki. Kwa wagonjwa hawa huweza kufika 25 na kuzidi kwa dakika chache tu za kupiga pedeli. Mapafu yanakuwa mazito na magumu kuvuta, mtu anatweta. Akikaa, shinikizo linashuka, na akifika kliniki anaonekana mzima. Huyo ndiye anayeitwa mvivu.

Afrika Mashariki kuna wa tatu asiyepaswa kusahaulika: mwenye vali, yaani mlango wa kupitishia damu ndani ya moyo, iliyosinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, mara nyingi mwanamke kijana. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, kila pigo lina sekunde nzima, na takriban theluthi mbili yake ni muda wa kujaa. Ukifika 120, muda wa kujaa ni kama robo sekunde. Damu haiwahi kupita kwenye mlango mwembamba. Ndiyo maana wengi hugunduliwa wakiwa wajawazito, mapigo na damu vinapoongezeka, na EF yao mara nyingi ni ya kawaida kabisa.

Wapo pia ambao mapigo hayapandi inavyotakiwa, ama kwa ugonjwa ama kwa dawa kama bisoprolol na carvedilol. Dawa hizo huokoa maisha. Anayehisi zinamlegeza azungumze na daktari kuhusu dozi, asiziache ghafla.

Upande wa pili wa Fick, ule wa viungo, ndio watu hawautaji kabisa. Baada ya miezi ya moyo dhaifu, misuli ya mapaja hupungua, hupoteza nyuzi zinazostahimili kazi ndefu, na mishipa midogo inayoilisha haifunguki vizuri. Asidi inajaa mapema, misuli inapeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo unaongeza kuhema. Mtu anahisi pumzi imekwisha kumbe mgogoro umeanzia pajani. Ongeza upungufu wa madini ya chuma, ambao ni wa kawaida sana kwa wagonjwa hawa na unaweza kuwepo hata kabla damu haijapungua. Hapo vidonge vya chuma havisaidii sana. Inayosaidia ni ile ya kutiwa mshipani, baada ya kupima ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini.

Kumfungia baba ndani, basi, kunamwongezea ugonjwa. Zamani kupumzika kitandani ndiko kulikoshauriwa. Utafiti wa HF-ACTION, uliotolewa mwaka 2009 ukiwa na wagonjwa 2,331 wenye EF ya 35 kushuka chini, ulionyesha kwamba mazoezi yenye mpango ni salama kwa wagonjwa walio imara. Kutembea ni mwanzo mzuri: dakika 5 hadi 10 tambarare, kwa mwendo unaomruhusu kuongea sentensi nzima, kisha kuongeza dakika chache kila wiki. Asianze bila ruhusa ya daktari, na hasa mwenye vali iliyosinyaa. Asimame akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikivimba au akihitaji mito zaidi usiku, hayo ni maji yanajaa: aende hospitali, mazoezi yangoje.

Kipimo cha nguvu kipo, na ni cha bei nafuu: ukumbi wa mita 30 na saa, mgonjwa atembee dakika 6, umbali uandikwe. Chini ya mita 300 ni dalili mbaya, iwe EF ni 35 au 60. Na madaraja manne ya ukali wa ugonjwa ya New York Heart Association, chama cha madaktari wa moyo cha New York, yaliyoanza mwaka 1928, miaka mingi kabla ya eko, hayaulizi asilimia hata moja. Yanauliza ni shughuli gani inamchosha.

Basi ukiibeba ile namba nyumbani, ibebe hivi: "kwa kila pigo, moyo wa baba unatoa asilimia 35 ya damu iliyomo, na wa kawaida hutoa kama 60." Kisha muulize mwenyewe jana alitembea hadi wapi kabla ya kusimama, na mama wa 60 naye aulizwe vivyo hivyo.