Lithiamu ni chumvi: siku ya homa, tuulizane kwanza

Wazazi wengi ninaowatajia lithiamu, dawa ya baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), kliniki hapa Kisumu huniuliza jambo lilelile: "Daktari, hiyo dawa si kali sana kwa mtoto?" Siku hizi nami huwauliza: mtoto akishikwa na malaria, unampa nini kwanza?

Lithiamu ni ndugu wa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, na figo huzishughulikia karibu kwa njia moja. Mwili ukiishiwa maji na chumvi, figo hung'ang'ania sodiamu isipotee. Lithiamu nayo hurudishwa kwenye damu badala ya kutoka na mkojo. Ndiyo maana kijana anaweza kumeza vidonge vilevile alivyomeza mwezi mzima, na safari hii vikamdhuru.

Nilimwona mmoja, wa kidato cha tatu. Kabla ya dawa alikuwa amekesha siku tano, akiongea bila kituo, akiwaahidi wenzake mabasi ambayo angenunua. Lithiamu ilimtuliza, akarudi darasani. Likizo ya Agosti akapata malaria, akatapika, akaharisha, hata uji haukukaa tumboni. Mama yake, mwaminifu kupita kiasi, hakumkosesha hata kidonge kimoja cha lithiamu, na kwa maumivu ya viungo akamnunulia Brufen kwenye duka la dawa. Siku ya tatu kikombe kilikuwa kinamtetemeka mkononi, ulimi mzito, anayumba. Jirani akasema amelewa. Ilikuwa sumu ya lithiamu. Alilazwa, akawekewa maji ya mshipa, akapona, lakini uso wa yule mama sijausahau. Hakukosea. Sisi tuliompa dawa ndio hatukumwambia.

Basi nasema hapa. Kijana akitapika, akiharisha au akishindwa kunywa, asimeze dozi inayofuata kabla ya kuzungumza na daktari wake siku hiyohiyo. Si kuacha dawa. Anayeikatisha kwa hiari yake huweza kurudiwa na ugonjwa kwa nguvu. Kwa homa na maumivu mpe paracetamoli. Brufen, diklofenaki na jamaa zake hupunguza uwezo wa figo kutoa lithiamu, kwa hiyo muuza dawa aambiwe kabla hajafungua droo. Na msimpunguzie chumvi ghafla kwenye mboga eti kwa afya. Mwaka 1949, mwaka uleule John Cade wa Australia alipochapisha habari za wagonjwa wa mania (ule msisimko wa kupita kiasi, kama wa kijana yule) waliotulizwa na lithiamu, Wamarekani walikuwa wakiwauzia wagonjwa wa moyo kloridi ya lithiamu badala ya chumvi. Watu hao walikuwa wamekatazwa sodiamu, na baadhi yao walikufa. Marekani iliikubali lithiamu kutibu mania mwaka 1970 tu.

Kwa nini basi niwaandikie vijana dawa hii? Kwa sababu inafanya kazi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, wa vijana 81 wenye miaka 7 hadi 17, ulionyesha waliopewa lithiamu walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Kwa watu wazima, ndiyo dawa ya baipola yenye ushahidi mkubwa zaidi wa kupunguza vifo vya kujiua. Nami ninapomtibu msichana huiogopa zaidi valproeti, dawa nyingine ya baipola, kwa madhara yake kwa mimba. Lithiamu nayo ina hatari yake kwa moyo wa kijusi, kwa hiyo mazungumzo ya mimba huwa nayafanya mapema, mama akiwa nje.

Kipimo cha damu hakina mbadala. Tunalenga milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, ikipita 1.5 tunaingiwa na hofu. Damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho: aliyemeza saa tatu usiku atolewe saa tatu asubuhi, na cha asubuhi akimeze baadaye. Kila baada ya miezi michache tunaangalia pia figo, tezi ya thairoidi na kalisi.

Chungeni na chupa. Msichana mmoja aliletewa majibu ya zaidi ya 2, naye amekaa mbele yangu anakula mandazi, mkono umetulia kabisa. Damu ilikuwa imewekwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijani, ambayo mara nyingi huwa na heparini ya lithiamu (ya kuzuia damu isigande) ndani yake. Tulipima lithiamu ya chupa. Tukarudia kwa kifuniko chekundu: 0.7.

Wanaorudi shule za bweni huwaandikia barua kwa matroni. Vidonge vikae kwake, amwone kijana akivimeza. Awe na chupa ya maji darasani hata mwalimu akikataza wengine, kwa sababu jua la huku ni kali na dawa yenyewe huleta kiu. Aruhusiwe kwenda chooni bila kuulizwa mara mbili. Na usiku wowote akianza kutapika, nambari yangu iko chini ya barua.